Akaunti Imerudi, Lakini Mwizi Bado Yumo

Wengi wanaokuja kwangu baada ya akaunti zao kudukuliwa wanataka kitu kimoja tu: wabadilishiwe nenosiri, waende zao. Mimi huwakalisha kwanza. Ukibadilisha nenosiri la Facebook huku mwizi bado anasoma barua pepe yako, hujafanya kitu. Ataomba jipya, litaletwa kwa barua pepe ile ile, na kufikia jioni mko pale pale. Nimeona mtu na tapeli wakinyang'anyana ukurasa wa biashara hivyo wiki nzima, kila mmoja akimtoa mwenzake, na wateja katikati hawajui wamlipe nani.

Naendesha saiba hapa Kisumu, upande wa Kondele. Kazi yetu unaijua: kuchapa, kutoa kopi, kujaza ritani za kodi za KRA ikifika Juni na watu wamekumbuka kwamba tarehe 30 ndiyo mwisho, fomu za mkopo wa masomo wa HELB, huduma za serikali za eCitizen, cheti cha tabia njema. Siku hizi kuna kazi nyingine ambayo haijaandikwa kwenye bango la mlangoni. Ukiona mtu ameingia, ameshika simu kwa mikono miwili na hasemi anataka nini, jua ni hiyo.

Mama mmoja anayeuza mitumba Kibuye alikuja hivyo. WhatsApp yake ilikuwa imemtoa nje. Tulipofungua meseji za kawaida tukaiona nambari ya tarakimu sita, na chini yake maneno kwamba asimpe mtu. Miwani alikuwa ameiacha nyumbani siku ile, na hata angekuwa nayo, aliyeiomba ni "mpwa wake": "Anti, kuna nambari sita nimekutumia kwa makosa, nirushie haraka, ni ya kazi." Mpwa mwenyewe alikuwa ameshapoteza akaunti yake asubuhi ile kwa njia hiyo hiyo. Hivi ndivyo wizi huu unavyotembea, kutoka simu hadi simu ndani ya ukoo na chama. Hakuna mtaalamu wa kompyuta aliyevunja kitu. Mtu ameandika nambari yako kwenye simu yake, WhatsApp ikakutumia tarakimu sita ili kuhakikisha ni wewe, naye akakuomba uzitaje.

Muda si mrefu, kwenye kikundi cha chama kukaingia ujumbe: "Akina mama, nimekwama hospitali na M-Pesa yangu imefungwa. Nani ana elfu tatu mpaka jioni? Tumeni kwa hii nambari." Wawili walituma. Wa tatu alishtuka, kwa sababu huyu mama huwa haandiki kabisa. Yeye hutuma sauti, tena kwa Dholuo. Akampigia simu ya kawaida, akamkuta yuko kwenye meza yake anakunja suruali.

Tulichofanya ni kuiweka WhatsApp upya kwenye simu yake, tukaingiza nambari na kungoja tarakimu sita. Hapo ndipo wengi hukata tamaa, maana ikiwa mwizi ameziomba mara nyingi mfululizo, mfumo unakwambia usubiri kwa saa kadhaa. Subiri tu, usibonyeze-bonyeze, kila jaribio linaongeza kusubiri. Tarakimu zilipofika na tukaziingiza, mwizi alitoka papo hapo, kwa sababu nambari moja haiwezi kuwa na simu kuu mbili. Lakini alikuwa ameacha mtego: ameweka PIN yake ya uthibitisho wa hatua mbili, yaani nambari nyingine inayodaiwa baada ya zile sita.

"Nyathina, mwanangu, kwa hivyo bado yumo?"

"Hayumo tena, mama. Lakini na wewe huwezi kuingia mpaka siku saba ziishe, kwa sababu hatuijui PIN aliyoweka."

"Siku saba! Na wateja wangu wa Bondo?"

Wateja wake wa Bondo na Siaya huagiza kwa kuangalia statasi. Sheria ya siku saba ni ya WhatsApp wenyewe na hakuna wa kuiruka, hata yule jamaa anayekwambia ana rafiki ndani ya kampuni. Tukazitumia siku hizo vizuri: akawapigia wenye madeni na wadai wake wakubwa, na kila admini wa kikundi alichomo akaombwa aiondoe nambari yake hadi atakaporudi. Siku ya nane tukaingia, tukaweka PIN yake mwenyewe na barua pepe ya kuikomboa akiisahau.

Hapo kuna jambo watu hawalijui. Kuna wizi mwingine wa WhatsApp ambamo wewe hutolewi nje hata kidogo. Mtu anashika simu yako dakika moja, au anakudanganya uingize herufi nane alizokutumia, na tayari kompyuta yake imeunganishwa na akaunti yako. Wewe unaendelea kuandika, yeye anasoma. Nenda kwenye mipangilio, penye vifaa vilivyounganishwa. Akaunti moja inaruhusu hadi vinne. Ukikuta kompyuta na wewe huna kompyuta, itoe sasa hivi. Nimewakuta wachumba wengi humo kuliko matapeli, lakini hiyo ni makala nyingine.

Halafu kuna laini yenyewe. Simu ikinyakuliwa pale stendi na mtu wa boda, tunalilia simu, na tunasahau kwamba mwizi anaweza kuitoa laini, akaitia kwenye kasimu kake ka elfu moja, na kila nambari ya siri ya kila akaunti itaingia kwake. Skrini yako kufungwa kwa alama ya kidole hakumzuii, kwa sababu hahitaji skrini yako. Dawa yake ni PIN ya laini, ambayo kila simu inayo kwenye mipangilio ya usalama na karibu hakuna anayeiwasha. Ukishaiwasha, laini ikihamishwa inadai PIN. Akikosea mara tatu inafungwa hadi apate PUK, nambari ya kuifungulia, ile iliyo kwenye kadi ya plastiki laini ilikotolewa. Kadi hiyo usiitupe, na usiiweke nyuma ya kava ya simu.

Kubadilishiwa laini bila wewe kujua, nambari yako ikahamishiwa kadi ya mwizi, ni ndugu wa wizi huo. Hapa nchini jina la Mulot, kule mpakani mwa Bomet na Narok, limetajwa sana kwa sababu makachero wa DCI wamewakamata washukiwa wengi kutoka huko. Lakini anayekupigia anaweza kuwa popote, hata nyuma ya ukuta wa jela. Dalili ni moja: mtandao wako unapotea ghafla huku aliye kando yako kwenye kampuni hiyo hiyo anaongea vizuri. Usizime na kuwasha simu mara kumi. Azima simu, piga huduma kwa wateja, laini ifungwe. Walio Safaricom wanaweza kupiga *100*100# wakiwa bado salama, ili laini isibadilishwe na wakala yeyote mpaka mwenyewe aende dukani kwa kampuni na kitambulisho. Na *106# itakuonyesha laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Nimewaona wazee wakishangaa kwamba wana laini za vijana wasiowajua.

Pia angalia kama simu zako zinaelekezwa kwingine. Matapeli humwambia mtu apige nambari fulani yenye nyota na reli "ili kupata bando", kumbe ameelekeza simu zake zote kwa nambari yao. Kisha wanaomba WhatsApp iwasomee tarakimu kwa kupiga simu. Ukipiga *#21# utaona hali ilivyo, na ##002# hufuta maelekezo yote.

Na ile laini ya zamani uliyoiacha? Kampuni za simu hazizitupi nambari. Zikikaa bila kutumika kwa muda, huuzwa upya kwa mtu mwingine. Kama Facebook yako ya 2012 bado imefungwa kwa nambari hiyo, mwenye laini mpya akibonyeza "nimesahau nenosiri" anaweza kujikuta ndani ya akaunti yako bila hata kukusudia uhalifu. Nimeletewa kesi nyingi za namna hii kuliko za wadukuzi halisi. Mtu anasema ameibiwa, tukifuatilia tunakuta aliacha laini alipotoka Nakuru kuhamia huku, na hakuwahi kubadilisha nambari popote.

Pesa zikishatumwa, kimbia. Unaweza kuipeleka ile meseji ya M-Pesa kwa 456 kuomba kurudishiwa na kupiga simu huduma kwa wateja, lakini zikishatolewa kwa wakala hakuna cha kurudisha, na matapeli hutoa upesi. Meseji ya ulaghai yenyewe hupelekwa kwa 333 bila malipo. Nenda pia polisi waandike, upate nambari ya OB, lile daftari la matukio la kituo, hata kama unajua hakuna gari litakalotoka leo. Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandaoni ya 2018 iko wazi: kuingia kwenye akaunti ya mtu bila ruhusa kunaweza kumletea mtu faini ya hadi shilingi milioni 5 au kifungo cha hadi miaka 3, au vyote viwili, na kujifanya mtu mwingine kwa kutumia nenosiri lake kuna kifungu chake. Faida ya OB ninayoiona zaidi ni ndogo na ya nyumbani: inatuliza chama. Wale wawili waliotuma pesa walitaka kumdai mama wa Kibuye, na karatasi ile iliwafanya wakae chini wazungumze badala ya kutukanana.

Sijamaliza na matapeli. Ukiandika hadharani kwamba umedukuliwa, baada ya dakika chache watajitokeza watu wakimsifu "fundi" fulani wa Instagram aliyewarudishia akaunti. Wote ni mtu mmoja mwenye akaunti nyingi. Atakuomba shilingi mia tano, kisha elfu mbili za "programu", kisha picha ya kitambulisho, na hapo sasa umeibiwa mara mbili. Milango ya kweli ni ya bure na iko wazi kwa kila mtu: facebook.com/hacked, instagram.com/hacked, na g.co/recover kwa Google. Fungulia kwenye simu uliyozoea kuingilia na mahali ulipozoea, maana mifumo hii hukutambua kwa kifaa na mahali. Mtu hutoka Ahero na simu mpya mkononi, anakataliwa kwenye saiba, kumbe ile simu yake ya zamani yenye kioo kilichopasuka, iliyoko nyumbani, ingefunguliwa kwa jaribio la kwanza.

Sasa nije kwa linaloniuma. Nikimaliza haya yote huuliza, "Barua pepe yako ni ipi?" Kimya. Au mtu ananionyesha anwani yenye jina lake na mwaka, anasema, "Hiyo ndiyo ya KRA." Anajua nenosiri? Hajui. Nani aliifungua? "Ni wale wa saiba."

Magharibi yote hii, kutoka Busia hadi Kericho, kuna maelfu ya watu wazima ambao barua pepe yao ilifunguliwa na kijana wa saiba kwa haraka huku foleni ikingoja. Nenosiri lilichaguliwa na kijana huyo, mara nyingi ni jina la mteja na @123, na wateja wote wa siku hiyo walipata la mtindo mmoja. Likaandikwa kwenye daftari la kaunta, ambalo yeyote anayengoja kopi zake anaweza kulifunua. Nambari ya kukomboa ikawekwa ya kijana mwenyewe kwa sababu simu ya mteja haikuwa na chaji. Kijana amekwenda Nairobi zamani. Mteja amesahau, kwa sababu yeye alitaka PIN ya KRA, hakutaka barua pepe. Halafu miaka ikapita, akapata simu janja, na simu hiyo ikaingia kwa barua pepe hiyo hiyo. Picha za watoto, namba za watu, nakala ya WhatsApp, Facebook, iTax ambayo nenosiri likisahaulika jipya huletwa humo: vyote vinaning'inia kwenye anwani ambayo mwenyewe hana ufunguo wake.

Ninaijua biashara hii na nasema bila kuficha: tunawaharibia watu. Dakika tatu za haraka kwenye kaunta zinakuja kumgharimu mtu akaunti zake zote, na malipo ya kazi yenyewe hayakufika mia.

Kwa hivyo, ukidukuliwa popote, anza na barua pepe. Facebook na Instagram zikibadilishiwa anwani, hutuma taarifa kwa ile ya zamani, na ndani yake kuna kiungo cha kusema "si mimi niliyefanya hivi". Mwenye barua pepe ya zamani anaweza kupindua kazi yote ya mwizi kwa kubonyeza mara moja. Asiye nayo anaanza kutuma picha ya kitambulisho na kungoja. Google nao wana huruma ya aina hiyo: nambari au barua pepe ya kukomboa ikibadilishwa, ile ya mwanzo inaweza kutumika kwa hadi siku 7. Ukija siku ya pili tuna nafasi. Ukija baada ya mwezi kwa sababu ulikuwa unaona aibu, nafasi hiyo imekwisha.

Kijana mmoja anayesoma Maseno alinifundisha kutazama mahali ambapo sikuwa nikitazama. Facebook yake iliibwa, akairudisha, ikaibwa tena, na aliapa kwamba hakupata taarifa hata moja kwenye Gmail. Tulikaa naye kwenye kompyuta tukafungua mipangilio, penye vichujio. Kulikuwa na kimoja: kila barua yenye neno "Facebook" iwekwe alama kwamba imesomwa, kisha ipelekwe kwenye takataka. Tukafungua takataka, tukazikuta zote zimelala humo, onyo juu ya onyo. Penye kuelekeza barua, palikuwa na anwani asiyoijua, ikipokea nakala ya kila kinachoingia. Alikuwa ameshabadilisha nenosiri la Gmail lakini vichujio na maelekezo hayajali nenosiri. Yanabaki yakifanya kazi.

Tangu hapo utaratibu wangu ni ule ule. Natazama vichujio na anwani za kuelekeza. Natazama nambari na barua pepe za kukomboa, na naondoa zisizo za mwenyewe, hata kama ni za kaka yake. Natazama vifaa vilivyoingia na programu za nje zilizopewa ruhusa, zile za kubashiri matokeo ya mpira na za kukopa pesa ambazo mtu alizikubalia kila kitu kwa kubonyeza "endelea". Baada ya hapo ndipo tunabadilisha nenosiri.

Nenosiri lenyewe lisikutese. Bill Burr, Mmarekani aliyeandika mwongozo wa 2003 uliotufundisha kuchanganya herufi kubwa, tarakimu na alama, alikiri mwaka 2017 kwamba anajutia mengi ya ushauri ule. Urefu una nguvu kuliko ujanja. Maneno manne au matano yasiyohusiana, uliyoyachanganya kutoka Dholuo, Kiluhya na Kiswahili, yatamshinda mwizi kuliko Otieno@2024. Lisirudiwe kwenye akaunti nyingine, kwa sababu tovuti hudukuliwa kwa jumla: LinkedIn ilidukuliwa 2012, na Yahoo ilikuja kukubali kwamba akaunti zote bilioni 3 zilizokuwapo 2013 ziliguswa. Orodha hizo huzunguka, na wezi hujaribu kila nenosiri lililomo kwenye kila mlango. Ukitaka kujua kama anwani yako imo, haveibeenpwned.com ya Troy Hunt itakwambia bure. Na liandike. Wataalamu watanuna, lakini kwa mama wa Kibuye, daftari lililofungiwa sandukuni pamoja na hati ya shamba ni salama kuliko kichwa chake na salama zaidi kuliko kichwa changu. Mwizi wa mtandaoni yuko mbali, haingii chumbani kwako.

Uthibitisho wa hatua mbili uwashe, na ukiweza usitumie meseji. Tumia programu inayozalisha tarakimu kwenye simu yenyewe, zinazobadilika kila sekunde 30 na hazihitaji mtandao wala bando. Google pia hukupa nambari 10 za akiba, kila moja ya kutumika mara moja. Mimi huzichapa kwenye karatasi, mteja anaziweka kwenye bahasha ya vyeti, na faili naifuta mbele yake.

Kama bado hujadukuliwa na unakwenda saiba kufungua barua pepe, nenda na simu yako ikiwa na chaji. Nambari ya kukomboa iwe yako. Nenosiri liandike mwenyewe kwa vidole vyako, hata kama unatafuta herufi moja moja na walio nyuma wanaguna. Mwambie kijana ageuke. Kivinjari kikiuliza kama kihifadhi nenosiri, kataa. Kabla hujasimama, hakikisha umetoka kwenye akaunti kwa kuifungua tena Gmail na kuona inakuomba uingie. Akikwambia hivyo si lazima, au kwamba yeye hujaza kila kitu ndiyo kazi iende haraka, chukua kitambulisho chako na uende saiba ya pili. Kondele pekee ziko nyingi.